Barua Isiyo na Muhuri Haijafika: Jinsi ya Kudai Huduma ya Wazee kwenye Zahanati ya Serikali

Nilifanya kazi masjala miaka 31. Masjala ni kile chumba cha nyuma chenye makabati ya chuma, ambamo kila barua inayoingia ofisini hupitia kabla ya kufika kwa mkubwa. Barua za wananchi zimepita mikononi mwangu kwa maelfu, na kufikia mwisho nilikuwa nikishika tu bahasha najua hii itajibiwa, hii itafungwa kwenye faili na kushuka kabati la chini. Basi nilipostaafu nikaanza kumsindikiza mama zahanati, na kusikia wazee wenzake wakisema wamelalamika hadi wamechoka, niliwauliza: mlilalamika kwa nani, tarehe gani, na nakala iko wapi? Wakanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya samaki msibani.

Mama ana miaka 83. Ana presha na sukari. Tunaishi upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, kwenye nyumba za zamani za manispaa. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye miguu yake, dakika thelathini na tano kwa mama, akipumzika mara mbili: kwenye ukuta wa kanisa, halafu kwa fundi viatu wa kona. Zahanati yenyewe sitaitaja. Sista wa pale ni mtu mwema, mara nyingi yuko peke yake, na haya ninayoyasema yangeweza kutokea kokote kuanzia Molo hadi Ahero.

Ninaandika kwa yeyote mwenye mzee nyumbani, au aliye mzee mwenyewe, anayetaka zahanati ya serikali ya mtaa wake imhudumie vizuri bila kumfilisi. Tulifanya hivi kwa mwaka mmoja na nusu. Tulikosea mara mbili, na makosa hayo nitayaeleza kwa sababu moja lilikuwa langu, na la aibu.

Kwanza daftari

Usiandike barua yoyote kabla hujawa na daftari. Nunua lile kubwa la jalada gumu, watu huliita kaunta buku, na upige mistari ya safu. Zetu zilikuwa hizi: tarehe, herufi za jina na umri, saa aliyofika, saa aliyoondoka, dawa alizoandikiwa, dawa alizopewa, alizoambiwa akanunue nje, amelipa kiasi gani kwa kemisti na kwa boda. Ya mwisho nilitaka kuiacha, ila binti aliyekuwa akituandikia, aliyemaliza kidato cha nne na alikuwa akingoja matokeo, akasisitiza iwepo. Aliiita "amefanyaje".

Hiyo safu ndiyo iliyotubeba. Ukimuuliza mzee kama amepata dawa atasema amepata, kwa heshima, au kwa sababu alipewa kitu fulani na hataki kuonekana mlalamishi. Ukimuuliza amefanyaje, anakueleza. Amenunua nusu. Amekopa kwa jirani mwenye presha kama yake. Amengoja pesa za mjukuu. Ameacha.

Fundi viatu wa kona ana miaka 66. Siku moja mama amekaa kwenye kigoda chake akivuta pumzi, nilimwona akitoa kidonge cha presha kwenye pakiti, akakilaza juu ya kipande cha ngozi ya soli, akakikata katikati kwa kisu chake cha kazi, polepole, ulimi ukiwa nje kidogo kama anayetunga uzi kwenye sindano. Nusu akaimeza na chai. Nusu akairudisha, akakunja foili juu yake. Unga uliobaki kwenye ngozi akaugusa kwa kidole na kuulamba. "Cha kesho, dada," akaniambia, wala hakuona ajabu. Alikuwa ameandikiwa dawa ya mwezi, akapata ya wiki mbili, na nyingine kaambiwa akanunue. Sista aliposikia alishika kichwa: nusu dozi haishushi presha inavyotakiwa, na presha isiyoshuka ndiyo mama wa kiharusi. Kwenye daftari, safu ya mwisho, binti akaandika: "amekata nusu".

Kila mzee aombwe ruhusa kabla ya kuandikwa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Tumia herufi za jina, na daftari lilale nyumba moja, lisizungushwe mtaani. Tulipata mama mmoja aliyekataa kabisa, tukamwacha.

Andikeni kwa miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi kwa sababu utajibiwa kwamba mzigo ulichelewa, na huenda ikawa kweli. Miezi mitatu haina kisingizio hicho.

Na uwe tayari kwa daftari kukusuta. Sisi tulianza tukiwa na hakika kwamba tatizo ni foleni. Safu ya saa ikaonyesha kwamba wazee wengi walifika saa kumi na mbili asubuhi kwa woga wa foleni, na zahanati hufunguliwa saa mbili. Saa mbili za mateso kwenye baridi ya Nakuru tulikuwa tumejipa wenyewe. Dawa ndizo zilizokuwa tatizo. Katika ziara 118 za wazee 37, mara 71 mzee aliondoka akikosa angalau dawa moja aliyoandikiwa, na iliyokosekana zaidi ilikuwa metfomini ya sukari, halafu amlodipini ya presha.

Kwa nini dawa zinaisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki sikukijua na nilidhani najua mambo ya karatasi.

Zahanati huagiza dawa kwa kuangalia zilizotumika nyuma. Sasa fikiria: metfomini ikikosekana wiki sita, kumbukumbu zinaonyesha imetumika kidogo robo ile. Mtu asipokumbuka kuhesabu zile wiki za ukame, oda inayofuata inakuwa ndogo, nayo inaisha mapema zaidi. Juu ya hayo, wazee wakisikia hakuna dawa hawaendi. Anabaki nyumbani, anatuma mtoto kwa kemisti. Kwa hiyo hata kwenye daftari la wagonjwa hayumo. Dawa yake haihitajiki, yeye hayupo, oda inapungua.

Halafu kuna daftari lenyewe. Wagonjwa wa nje huandikwa kwenye rejista mbili za wizara: moja ya watoto walio chini ya miaka mitano, nyingine, yenye namba MOH 204B, ya kila mtu aliyezidi hapo. Mama yangu wa miaka 83 na mtoto wa darasa la pili mwenye homa wako kitabu kimoja, mstari kwa mstari. Muhtasari wa mwezi, 705B, nao ni vivyo hivyo. Umri umeandikwa, ndiyo, lakini afisa anayepokea muhtasari haoni wazee. Anaona "zaidi ya mitano". Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, maana ni kazi ambayo ningeifanya mimi: kufungua faili moja la vitu viwili visivyofanana kwa sababu kabati limejaa.

Basi kanuni yetu ya pili ikawa hii: mzee aende hata kama amesikia dawa hakuna. Aonwe, aandikwe, aandikiwe dawa, na akikosa ionekane amekosa. Asiyeweza kutembea, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu. Wale waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023, zaidi ya 100,000 nchi nzima, wana mashine ya presha na kipimo cha sukari, na wanapofika nyumbani huandika. Wetu alikuwa na nyumba zake mia moja na hakujua kwamba kwenye sita kati yake kuna mzee asiyetoka kitandani, kwa sababu kila alipobisha alijibiwa na vijana mlangoni.

Mlango upi ni wa nani

Wazee wetu walikuwa wamepoteza karibu mwaka wakimfuata mbunge. Zahanati si ya mbunge. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka vituo vya afya vya kaunti na maduka yake ya dawa mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa hiyo barua ya dawa, benchi, choo na wahudumu inakwenda idara ya afya ya kaunti.

Pesa za Inua Jamii ni mlango mwingine. Hizo ni za serikali ya kitaifa, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, na njia yake hupitia kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii. Hapa kuna pengo ambalo fundi viatu hulitaja kila wiki: Katiba, kifungu cha 260, inasema mzee ni aliyezidi miaka 60. Yeye ni mzee wa Katiba lakini bado hajawa mzee wa Inua Jamii.

SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nayo ni ya kitaifa. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: huduma ya zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Mzee akishasajiliwa tu hatakiwi kudaiwa pale, hata kama michango ya mwaka hajalipa. Michango inadaiwa akienda juu, kulazwa hospitali kubwa. Kusajili ni kwa *147#, na angalieni namba ya simu inayoingizwa. Wa kwetu watatu walisajiliwa kwa simu ya mjukuu aliye Nairobi, na namba ya siri ilipotumwa ilikwenda Nairobi huku shosho amekaa dirishani Nakuru.

Msichanganye haya matatu kwenye barua moja. Masjala, barua yenye mambo matatu hufunguliwa faili la jambo la kwanza, na mengine mawili hakuna anayeyaona tena.

Dai kitu kinachohesabika

"Tunaomba huduma bora kwa wazee" ni maombi ya kanisani. Afisa ataisoma, atakubaliana nayo kwa moyo wote, kisha ataiweka chini. Mpe kitu ambacho siku fulani mtu anaweza kuja kuhesabu kama kipo.

Sisi tulidai vitatu. Dawa nne za presha na sukari, zilizotajwa kwa majina, zisishuke chini ya akiba ya miezi mitatu. Asubuhi moja kwa wiki iwe ya wazee, wahudumiwe kabla ya kliniki nyingine. Na benchi lenye egemeo pamoja na reli ya kushikilia chooni. Ukitaka kujua kwa nini reli, jaribu kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na goti la miaka 83.

Angalia kwamba lile la pili halina gharama. Msimamizi wa zahanati anaweza kuliamua mwenyewe siku hiyo hiyo. Nililiweka makusudi. Wazee wakipata moja mapema hawakati tamaa, na mlicho nacho mkononi kinakuwa ushahidi wa vile viwili vingine.

Kabla ya barua kutoka, mwendee sista. Usimvizie. Mimi nilikwenda na chupa ya chai saa nane mchana, wagonjwa wameisha, nikamfungulia daftari letu. Nilitegemea atakasirika. Alisoma kurasa nne, akasema, "Mama, niandikieni rasmi. Mimi nikisema peke yangu ni manung'uniko ya kazi. Ninyi mkiandika, na mimi nina kitu cha kuambatisha."

Barua

Sasa tumefika kwangu. Ukurasa mmoja, usizidi. Andika kwa Kiswahili bila woga. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na hakuna ofisi ya kaunti yenye haki ya kukurudishia barua kwa sababu ya lugha. Barua yetu ilikuwa hivi, nikiondoa majina:

"KUH: KUKOSEKANA KWA DAWA ZA PRESHA NA SUKARI, ZAHANATI YA ______

Sisi ni wakazi 37 wa wadi ya ______, wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kuanzia tarehe ______ hadi ______ tuliweka kumbukumbu za ziara zetu katika zahanati hii. Katika ziara 118, mara 71 tuliondoka bila angalau dawa moja tuliyoandikiwa. Jedwali limeambatishwa.

Tunaomba mambo matatu: …

Tunaomba haya kwa mujibu wa vifungu vya 43 na 57 vya Katiba. Tunaomba jibu kwa maandishi kufikia tarehe ______."

Kifungu cha 43 ni haki ya kila mtu kupata afya ya kiwango cha juu kinachofikiwa. Cha 57 ni cha wazee: waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo na msaada kutoka kwa familia na kwa serikali. Neno "na" hapo lina kazi. Kuna afisa aliyemwambia mama mmoja wa kwetu, kwa upole tu, kwamba wazee ni jukumu la watoto wao. Ni kweli, na ni nusu ya sentensi.

Usimwage vifungu kumi. Viwili vinatosha, barua iliyojaa vifungu inapelekwa kwa wakili wa ofisi na inakaa huko.

Mwandikie afisa mkuu wa afya wa kaunti. Nakala kwa waziri wa afya wa kaunti, mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi na msimamizi wa zahanati. Weka sahihi, na wasioandika waweke kidole gumba, pamoja na namba ya kitambulisho. Kwa yule mzee anayetetemeka mkono msimsaidie kuandika jina. Kidole kinatosha na hakina ubishi.

Kisha muhuri. Chapisha nakala mbili za kila barua. Moja waache, moja wapige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo urudi nayo nyumbani. Wakisema mwenye muhuri ametoka, keti umngoje. Mimi, mtu wa miaka 31 masjala, barua yetu ya kwanza niliikabidhi kwa kijana mmoja kwenye korido, nakala pekee, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilimwamini uso wake. Wiki sita baadaye hakuna aliyekuwa ameiona. Sikumlaumu kijana. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama, naye akasema, "Na wewe ndiwe uliyekuwa ukiwafokea watu dirishani," akaendelea kuchambua maharagwe.

Kuna kitu kingine cha masjala mnachoweza kuiba. Tulikiita BU: ni tarehe inayoandikwa juu ya faili, ambayo siku hiyo faili lazima lirudi mezani, hata kama hakuna aliyeliulizia. Kila barua yenu iwe na BU kwenye kalenda ya ukutani. Yetu ilikuwa siku 21. Siku hiyo ikifika, watu wawili wanavaa vizuri wanaenda kuuliza, wakiwa na nakala yenye muhuri. Wawili, kwa sababu mmoja atasahau alichoambiwa.

Nendeni wakati pesa bado haijagawanywa

Kosa letu la pili lilikuwa la tarehe. Tulikwenda kwenye mkutano wa maoni ya bajeti mwishoni mwa Mei, wazee ishirini, tukaongea kwa uchungu, tukapigiwa makofi. Hakuna kilichobadilika, na ilikuwa vigumu kibadilike, kwa sababu makadirio yalikuwa tayari bungeni.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Maana yake kwa mtu wa mtaani: unachotaka kianze Julai mwakani, kiwe kimetajwa kwenye mpango kabla ya Septemba mwaka huu. Na mgao wa idara ya afya huamuliwa kwenye ule waraka wa Februari, kwa hiyo mtu mwenye hoja ya dawa aiwasilishe Januari, watu wakiwa bado wanatafuta karo.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 137, inaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, na inataja kwa jina kwamba mashirika yanayowakilisha wazee ni miongoni mwa yanayopendekeza wajumbe. Ulizeni kwa maandishi nani anakaa pale kwa niaba ya wazee wa kaunti yenu. Swali hilo peke yake huwafanya watu wafungue mafaili.

Januari iliyofuata tulirudi kwenye ukumbi ule ule. Kila mtu alipewa dakika mbili. Tulikuwa tumekubaliana msemaji awe mmoja, na awe fundi viatu, asiyejua hotuba. Alisimama, akasoma sentensi tatu za kwanza za barua, akakwama. Akatoa mfukoni kipande cha foili kilichokunjwa, akatembea hadi mbele, akakifungua juu ya meza ya maafisa. Nusu kidonge. "Hiki ni cha kesho," akasema, akarudi kuketi. Dakika yake moja ilikuwa bado ipo.

Afisa mmoja aliuliza hicho ni nini. Binti wa daftari akasimama na kusoma hesabu. Kisha nikaomba lile ambalo watu husahau: kwamba maneno haya yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwandishi atusomee alivyoyaandika. Alikuwa ameandika "wazee waliomba dawa". Tulimsubiri arekebishe, aweke majina ya dawa na namba. Watu nyuma walianza kunung'unika kuhusu barabara, lakini tulingoja.

Neno la Nakuru hapa: changanyeni watu. Kikundi chetu kina Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na mama mmoja Mnubi, na hatukufanya hivyo kwa mapambo. Mji huu una kumbukumbu. Kikundi cha kabila moja kitaitwa cha chama fulani kabla ya chai kupoa.

Wakikunyamazia

Omba habari. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kuulizwa sababu, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuomba hakulipishwi, nakala tu ndizo zinazoweza kuwa na ada. Tuliomba orodha ya dawa zilizoagizwa na zilizopokewa na zahanati yetu kwa robo mbili. Hapo ndipo tuliiona ile oda ya metfomini ikipungua robo hadi robo. Ukikataliwa, unakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman.

Kuna pia ombi kwa bunge la kaunti, haki iliyo kwenye sheria ya serikali za kaunti ya 2012. Hatukufika huko. Mkifika, ombi liseme mmejaribu wapi kabla na mlijibiwa nini, na lile rundo la nakala zenye muhuri ndilo litakalojibu swali hilo.

Na kamati ya zahanati msiisahau. Sheria ya 2023 inaruhusu vituo vya umma kubaki na pesa wanazopata na kuzitumia, na kamati ndiyo inayokaa kuzipangia kazi. Hakikisheni kuna mzee mmoja mle ndani, anayesikia vizuri.

Blanketi

Mtaanza kujulikana, na mtu atakuja na mablanketi, unga, na mpiga picha. Chukueni blanketi, Nakuru ni baridi. Msiseme lolote kwenye kamera kuhusu dawa, wala msikabidhi orodha ya majina na vitambulisho. Orodha ile iliyokusanywa kwa ajili ya dawa tuliiona ikitakiwa kwa mambo mengine, nasi tukasema daftari limelala kwa mgonjwa.

Tulipofika

Alhamisi ya wazee ilianza wiki mbili baada ya barua ya pili kupigwa muhuri. Benchi lilinunuliwa na kamati. Egemeo lake limelegea upande mmoja na fundi viatu ameahidi kulipiga msumari. Dawa zilikuja vizuri miezi minne, amlodipini haijakosekana tangu hapo, metfomini ilikosekana tena wiki tatu na ikarudi. Daftari sasa ni la tatu, na binti amepata nafasi chuo cha uuguzi, kwa hiyo anaandika mjukuu wangu, mwandiko wake mbaya mno.

Reli ya chooni bado. BU yake ni tarehe 3 Agosti, mpango wa mwaka ukiwa haujafungwa. Barua nimeshaichapa, nakala mbili mbili, inangoja sahihi ya fundi viatu, ambaye wiki hii yuko Kakamega kumzika shemeji yake.